Kibao cha 50 kipo, cha kumaliza 50 hakipo: faini ni halali?

Mpenda Vibao (mleta mada)
Wakuu, salaam. Wanaonijua humu wanaujua ugonjwa wangu: nikiwa safarini nasimama kupiga picha vibao vya barabarani. Wenzangu wanapiga twiga, mimi napiga nguzo. Wiki iliyopita nimetoka Dar kwenda Mbeya kwa gari ndogo na nimerudi na picha arobaini na kitu. Nyingi za kuchekesha, moja imenitoa elfu thelathini.

Iko hivi. Kijiji sikitaji. Unaingia, kibao cha mwendo wa kilometa 50 kwa saa hiki hapa, kipya, kinang'aa. Unashuka mpaka 50 kama mtoto wa chuoni mbele ya ustadhi. Nyumba zinaisha, shule inaisha, unabaki na mibuyu na mbuzi. Kile kibao cheupe cha kumaliza 50, chenye mistari ya kukata, hukioni. Kilometa moja, mbili, tatu. Ya nne nikasema basi, nikaongeza mafuta. Baada ya kona, tochi ya kupimia mwendo. Nikamuuliza trafiki, afande, kibao cha kumaliza kiko wapi? Akanijibu kwa upole kabisa: "Kama hujakiona, maana yake hujamaliza."

Nimelipishwa, nikageuza gari kwenda kuangalia upande wa pili. Wanaotoka Mbeya 50 yao inaanzia karibu na nyumba ya kwanza! Yaani kijiji kimoja, lami moja, ukitokea Dar kina kilometa nne, ukitokea Mbeya hakifiki hata moja.

Swali langu: faini ya namna hii ni halali? Tujadili kwa hoja. (Halafu ndugu zetu wa malori mpunguze kurudi rivasi bila kutazama. Nguzo nyingi nilizozikuta zimelala zina alama za bampa.)

Dereva wa Semi
Ulianza vizuri, ukaharibu kwenye mabano. Alama za bampa ulizipima na rula? Nina miaka kumi na tisa kati ya bandari na Rusumo, nguzo niliyowahi kugonga ni moja, na ilikuwa ya kwangu nyumbani. Nguzo zinalala kwa sababu watu wanazikata usiku wanakwenda kuuza chuma chakavu. Iliyogongwa inapinda na inang'oka na udongo wake. Iliyokatwa inaacha kisiki kimenyooka, kinang'aa kama jino la dhahabu. Jifunze kutofautisha kabla hujasingizia watu wanaokuletea sukari.

Wakili wa Kijiweni
Tuanze na sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1977 inasema

Kigugumizi
Ya 1973, wakili.

Wakili wa Kijiweni
Ya 1973, asante, kidole kiliteleza. Inasema eneo la makazi mwisho ni 50, na magari yanayozidi kilo 3,500 mwisho wake 80 hata nje ya makazi. Sasa angalieni: kinacholeta 50 ni makazi. Kibao kinakutangazia tu. Kwa hiyo mleta mada hoja yako isiwe "kibao hakikuwepo", iwe "makazi hayakuwepo". Pale uliposhikwa palikuwa na makazi?

Mpenda Vibao
Palikuwa na mibuyu.

Kigugumizi
Mibuyu ina wapangaji wengi kuliko Sinza. Kesi umeshindwa.

Mama Kando ya Lami
Nimesoma nikanyamaza, ila hilo la "mbuzi" limenishinda. Mimi naishi kwenye hicho kijiji usichokitaja, na kama si chenyewe basi ni ndugu yake. Hao mbuzi wana wenyewe. Unasema "shule inaisha". Kwako wewe ndani ya kiyoyozi inaisha. Mtoto wangu wa darasa la pili anatoka pale shuleni saa nane na nusu mchana, anatembea pembeni ya lami hiyo hiyo kwenye mibuyu hiyo hiyo, na kila basi linalopita linampeperusha sketi na daftari. Mwaka jana tumezika jirani. Hakuna aliyetuuliza kibao cha kumaliza kiko wapi.

Elfu thelathini inakuuma? Pole.

Mpenda Vibao
Mama, shikamoo, na pole sana kwa msiba. Sikukusudia dharau, na hilo la mbuzi nalifuta. Mimi siipingi 50. Ninachosema, kibao kikidanganya sehemu moja, dereva anaacha kuviamini vyote, mpaka na cha shuleni kwako. Angalia Mikumi. Zile kilometa hamsini ndani ya hifadhi watu wanatii, kwa sababu mbao zinaeleza kila kitu mpaka bei ya mnyama ukimgonga.

Mama Kando ya Lami
Marahaba. Kwa hiyo niandike bei ya mwanangu kwenye ubao ndiyo mtapunguza?

Kigugumizi
Dah.

Fundi Gereji Msamvu
Mikumi wanatii wapi? Mimi ndiye ninayenyoosha boneti zao. Na pale ni 80, usitudanganye.

Dereva wa Semi
70 mchana, 50 usiku. Wewe kaa na boneti zako, barabara tuachie wenyewe.

Fundi Gereji Msamvu
Wenyewe! Boneti za semi ndizo nyingi.

Dereva wa Semi
Mnataka kujua alama pekee ninayoiamini? Majani. Ukiona matawi yamepangwa kwenye lami, moja, moja, halafu rundo, unajua mbele kuna mwenzako gari limemfia. Hayajaandikwa, hayana rangi, na asiyejua kusoma anayaelewa kuliko pembetatu ya duka.

Mpenda Vibao
Na gari likishapona?

Dereva wa Semi
Likishapona tunaondoka.

Mpenda Vibao
Majani je?

Dereva wa Semi
Yanabaki. Upepo utayaondoa.

Mpenda Vibao
Ndiyo nilichokuja kusema humu tangu asubuhi! Mnaanzisha, hammalizi!

Mzee wa Gairo
Vijana, alama pekee inayoheshimiwa nchi hii ni X nyekundu ya bomoabomoa ukutani. Sijawahi kuona mtu anabishana nayo kuhusu kumaliza.

Picha Tu
Wakati mnabishana, nina picha ya mwaka jana, sehemu wanapanua barabara. Kibao cha njano, MCHEPUKO MITA 200, mshale kulia. Chini yake mtu ameandika kwa mkaa, herufi zimepinda lakini zinasomeka: "baki njia kuu". Nilicheka mpaka nikapitiliza mchepuko wenyewe, nikaingia kwenye kifusi.

Kigugumizi
Hahahaha. Lile tangazo la Ukimwi la kukataza wapenzi wa pembeni, michepuko sio dili! Huyo wa mkaa apewe kazi wizarani.

Mwalimu wa Sarufi
Hapa ndipo lugha inapoharibiwa. Kibao sahihi kingeandikwa MCHEPUO.

Mzee wa Gairo
Mchepuo ni wa shule. Mchepuo wa sayansi, mchepuo wa biashara. Ukiandika mchepuo barabarani, dereva atadhani anapelekwa kusoma fizikia.

Mwalimu wa Sarufi
Mzee wangu, heshima kwako, lakini barabara za kuzunguka miji hata kwenye magazeti huitwa barabara za mchepuo.

Wakili wa Kijiweni
Magazeti hayohayo yanaandika mchepuko ukurasa unaofuata. Kitenzi ni chepuka, kuacha njia na kushika ya pembeni. Gari linachepuka. Anguka, anguko. Chepuka, mchepuko. Mwalimu, unatufundisha nini?

Mwalimu wa Sarufi
Nawafundisha kutofautisha kutenda na kutendeka. Mkandarasi ndiye anayechepua njia, hivyo

Kigugumizi
Mkandarasi ana mchepuko, sote tunajua, endelea.

Mwalimu wa Sarufi
Hivyo kazi yake ni mchepuo! Siwezi kujadiliana na watu wanaogeuza kila kitu kuwa kitanda.

Baba Wawili
Mwalimu usikasirike. Mimi nilikuwa nasafiri na shemeji yako amekaa mbele. Tukafika kwenye hicho kibao, nikasoma kwa sauti, "mchepuko mita mia mbili." Akanigeukia taratibu, akasema, "Umejuaje ni mia mbili?" Safari ya saa sita hatujazungumza tena. Kwa ajili ya ndoa za watu naunga mkono mchepuo.

Mzee wa Gairo
Ajabu ni kwamba hao wa tangazo walilichukua neno barabarani wakalipeleka chumbani. Sasa barabara inalidai, hairudishiwi.

Jirani wa Namanga
Huku Kenya tunaandika DIVERSION na maisha yanaendelea. Nyinyi Wabongo mtasanifu neno mpaka gari iingie mtaroni. Hata bumps hamuwezi kuziita bumps.

Dereva wa Semi
Hizo bampusi ni nini? Tuta ni tuta. Na ile mistari ya kutetemesha ni rasta. Unaona lugha ilivyo tamu? Unapita juu ya rasta, gari zima linacheza rege.

Jirani wa Namanga
Haya, rasta nimekubali, hiyo ni noma. Lakini msituambie mambo ya vibao. Barabara yetu ya Mombasa ilikuwa A109, tangu 2016 ni A8, moja kwa moja mpaka Malaba. Kuna mtu hata mmoja anaiita A8? Uliza dereva wa matatu akuonyeshe A8, atakupeleka duka la simu.

Mpenda Vibao
Ndugu jirani, hapo umenigusa moyo! Na sisi ni hivyohivyo. Dar mpaka Tunduma ni T1, Chalinze mpaka Namanga ni T2, Morogoro kupitia Dodoma mpaka Rusumo ni T3. Ramani kwenye simu inazionyesha. Muulize abiria wa stendi ya Mbezi anakwenda T ngapi. Mwenye picha ya nguzo ya zamani ya A109 ambayo bado imesimama anitumie, nalipia bando.

Mama Kando ya Lami
Mnatafuta nguzo za zamani. Hapa kwetu hata alama ya pundamilia ya kuvukia imefutika kwenye lami, watoto wanavuka kwa kukumbuka ilipokuwa.

Msafiri wa Kigali
Nendeni Rwanda mkajifunze. Ukivuka Rusumo kwanza unahama upande, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu unakutana na kamera. Wanaiita Sofia. Sofia habishani kuhusu mibuyu. Ujumbe unaingia kwenye simu, unalipa.

Dereva wa Semi
Sofia namfahamu, tena kwa gharama. Kule 40 inakuja ghafla, hujakaa sawa imekuwa 60, hujakaa sawa 40 tena. Mguu unauma kama nakanyaga cherehani. Usituletee Rwanda kama peponi.

Msafiri wa Kigali
Lakini ajali?

Dereva wa Semi
Mimi nimezungumzia mguu.

Diwani Mstaafu
Nirudi kwenye mada, maana naona imezikwa. Mleta mada, ungeandika barua kwa TARURA, mambo ya vibao

Kigugumizi
Mheshimiwa, hiyo ni barabara kuu. Ni TANROADS, tangu 2000. TARURA imekuja 2017 na yenyewe ni mitaa na vijijini.

Diwani Mstaafu
Kijana, mimi nimekuwa diwani miaka kumi. Kijiji si kijijini?

Kigugumizi
Kijiji kiko kijijini, mheshimiwa, lami iko Taifa.

Wakili wa Kijiweni
Mniruhusu nimalize. Mleta mada ana picha ya pande zote mbili. Upande mmoja kibao kinaanzia karibu na nyumba ya kwanza. Huo ni ushahidi kwamba hata aliyevisimika alijua makazi yanaishia pale. Angekataa kulipa, akaomba apelekwe mahakamani, ningependa kuiona hiyo kesi.

Mpenda Vibao
Wakili, mahakama iko wilayani, mimi naishi Mbagala. Nauli, kulala, kula, siku mbili za kazi. Elfu thelathini ni bei ya kuacha ubishi. Nimelipa.

Wakili wa Kijiweni
Basi umekiri kosa.

Mpenda Vibao
Nimekiri umbali.

Mama Kando ya Lami
Mwanangu mpiga picha, wewe mwenye kamera, nikuombe kitu. Ukipita tena huku, hicho kibao chako cha kumaliza ukikitafutia watu wakiweke, wasikiweke pale shule inapoisha. Wakiweke baada ya mbuyu wa tatu, kwenye kinjia cha kwenda kisimani. Hapo ndipo wanapoachana na lami. Mbuyu wa tatu, si wa pili. Wa pili una nyuki.

Mpenda Vibao
Nimeandika, mama. Mbuyu wa tatu, kinjia cha kisimani. Nitapita mwisho wa mwezi, nitasimama nipige picha.

Mwalimu wa Sarufi
Na atakapofika kwenye ujenzi atapita mchepuo.

Baba Wawili
Mwalimu!

Mpenda Vibao
Kabla ya hapo naelekea Tanga Jumamosi. Mwenye kujua kibao cha ajabu kati ya Chalinze na Segera aniambie.

Dereva wa Semi
Kipo kimoja, ila ukienda hukioni, kimegeukia wanaorudi. Mimi nashuka na mzigo alfajiri hiyohiyo. Nisubiri Chalinze kwenye chai, nitakuonyesha na visiki vitatu. Vimekatwa, havijagongwa. Na uje na rula.