Ofa mbili za uuguzi wa kusafiri, wiki 13 Iowa: nisaini ipi?

Kutoka: RN, Minneapolis

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Nimeacha ajira yangu ya kudumu hapa Minnesota na sasa nina ofa mbili za uuguzi wa kusafiri, yaani kazi za mkataba mfupi kupitia wakala, zote za hospitali ileile katika mji mdogo wa Iowa, zamu za usiku, wiki 13, saa 36 kwa wiki. Wakala wa kwanza anatoa dola 2,300 kwa wiki: dola 22 kwa saa zinazokatwa kodi, na dola 1,508 zilizobaki ni posho ya malazi na chakula isiyokatwa. Wa pili anatoa dola 2,200: dola 34 kwa saa, na posho ya dola 976. Bima ya afya ya wa kwanza ni dola 95 kwa wiki na inaanza baada ya siku 30. Ya wa pili ni dola 28 na inaanza siku ya kwanza ya kazi. Nilipomwuliza ofisa wa wakala wa kwanza kwa nini mshahara wa saa ni mdogo hivyo, alinijibu kwamba nitazame jumla tu, kisha akanitaka nisaini kabla ya Ijumaa. Nyumba niliyokuwa nimepanga nimeshairudisha, na kwa sasa nakaa kwa kaka yangu bila kulipa kodi ya pango. Mwenye uzoefu anieleze, nichukue ipi?

Kutoka: RN, Houston

Dada, hongera kwa hatua hiyo. Chukua ya kwanza. Tofauti ni dola 100 kwa wiki, yaani dola 1,300 kwa mkataba mzima, na zaidi ya hapo sehemu kubwa ya pesa hizo haiguswi na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Katika ofa ya pili mshahara unaokatwa ni dola 1,224 kwa wiki, dhidi ya 792 katika ya kwanza; kwenye hizo 432 za ziada, makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) pekee yanachukua asilimia 7.65, karibu dola 33, hata kabla ya kodi ya mapato. Nimefanya kazi hizi Texas na Arizona kwa miaka mingi na sikuwahi kujutia posho kubwa. Sharti ni moja: kazi iwe maili 50 au zaidi kutoka nyumbani kwako.

Kutoka: Mshauri wa kodi, Dallas

Kaka wa Houston, samahani, lakini jambo hili limewaponza wauguzi wengi ninaowaandalia fomu zao na siwezi kulinyamazia. Maili 50 si kanuni ya IRS. Ni utaratibu ambao hospitali na mawakala wamejiwekea wenyewe. IRS inauliza makao yako ya kodi yako wapi, yaani mahali unapohesabiwa kuwa na makao kwa ajili ya kodi ya serikali, si nyumba ya kupanga, na maelezo yamo katika mwongozo wake uitwao Publication 463. Kwa mtu asiye na kituo kimoja cha kazi, wanatazama mambo matatu: kama anafanya sehemu ya kazi yake katika eneo la nyumbani, kama anabeba gharama za kuishi mara mbili, kule nyumbani na kule alikotumwa, na kama hajalihama eneo lile. Asiyetimiza hata mawili kati ya hayo huhesabiwa kuwa makao yake yanamfuata popote anapofanya kazi, na posho yake yote inakuwa mshahara.

Sasa dada ametuambia mwenyewe kwamba nyumba ameirudisha, anakaa kwa kaka yake bure, na kazi ya Minnesota ameiacha. Kwa maelezo hayo, dola 1,508 na dola 976 zote zinatozwa kodi, hata kama wakala hataziandika kwenye W-2, ile fomu ya mwaka ya mshahara, na siku ya ukaguzi atakayedaiwa ni yeye. Ile faida ya kodi ambayo kaka ameihesabu haipo.

Kuna jingine. Kikomo cha posho isiyokatwa kodi bila risiti hufuata viwango vya GSA, idara ya serikali inayopanga posho za safari. Kwa miji isiyo na kiwango chake maalumu vilikuwa dola 110 za malazi na dola 68 za chakula kwa siku katika mwaka wa fedha 2025. Kwa siku saba hizo ni dola 1,246. Ikiwa mji huo wa Iowa ni mmojawapo, dola 1,508 zinapita kikomo kwa dola 262 kila wiki, na kinachozidi, kikilipwa bila risiti, ni mshahara hata kwa mtu mwenye makao halali. Hilo ndilo ambalo yule ofisa alipaswa kulieleza.

Kutoka: RN, Baltimore

Mwanangu wa Dallas, asante kwa maelezo. Mimi nalipia nyumba Kisumu ambako mama yangu anaishi na watoto wa dada yangu wanasoma, na kila mwezi fedha zinakwenda. Je, hayo si makao yangu? Kusema kweli ndiyo nyumba pekee ninayoiita kwangu.

Kutoka: Mshauri wa kodi, Dallas

Shikamoo mama. Ni kwenu, hilo halina ubishi, lakini IRS haiangalii ukoo wako uko wapi. Wewe kazi zako zote ziko Marekani na huko Kisumu huingizi kipato, kwa hiyo nyumba ile haiwezi kukutetea.

Kutoka: RN, Baltimore

Nimekuelewa, ingawa limeniuma. Basi nami niseme la kwangu, maana vijana mnahesabu wiki 13 na kusahau uzee. Pensheni ya Social Security hukokotolewa kwa miaka 35 yenye mapato makubwa zaidi, na posho isiyokatwa kodi haimo katika mapato hayo. Sisi tunaotaka kustaafu nyumbani ndiyo tutakayoitegemea. Ofa yenye dola 22 kwa saa inakupunguzia fungu hilo kimyakimya.

Kutoka: RN, Sacramento

Naomba turudi kwenye mkataba wenyewe. Dada, tafuta kifungu cha saa za uhakika, yaani saa ambazo umeahidiwa kulipwa kila wiki. Katika mkataba wangu wa mwisho, hospitali ilikuwa na haki ya kufuta zamu moja kila wiki mbili, na ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo, uliandikwa kwamba kila saa isiyofanywa inakatwa kwenye posho, wakati pango nililipa lote vilevile. Uliza maneno hayo kwa maandishi kwa mawakala wote wawili.

Kisha piga hesabu ya zamu ya ziada. Ukiongeza zamu ya nne ya saa 12, saa nne zinalipwa kwa kiwango cha kawaida na nane kwa mara moja na nusu: dola 352 kwa wakala wa kwanza, dola 544 kwa wa pili. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mahakama ya shirikisho ya majimbo ya magharibi, iliamua kwamba posho inayopanda na kushuka kufuatana na saa za kazi lazima iingizwe katika kiwango cha ovataimu, lakini Iowa haiko chini ya mahakama hiyo. Na bima pia: ofa ya kwanza inakuacha mwezi mzima bila kitu, kisha inakukata dola 67 zaidi kila wiki.

Kutoka: RN, Houston

Zamu za ziada hazina uhakika, na wengi hapa mna hofu kuliko inavyostahili. Angepanga chumba kwa kaka yake kwa bei halali ya soko, mambo yangekuwa mengine.

Kutoka: Mshauri wa kodi, Dallas

Bei ya soko, kwa malipo yenye kumbukumbu za benki, na bado kigezo cha kufanya kazi eneo lile kingebaki kumsumbua. Tusimfundishe mtu kutengeneza karatasi za kuonyesha tu.

Kutoka: RN, Minneapolis

Nawashukuru sana. Nimewaandikia mawakala wote wawili kuhusu zamu zinazofutwa. Wa pili amenitumia kifungu chote leo asubuhi. Wa kwanza amejibu kwamba nitakiona baada ya kusaini. Tena nimekumbushwa kwamba Minnesota haimo katika mkataba wa leseni wa majimbo, ule unaomruhusu muuguzi kutumia leseni moja katika majimbo wanachama, hivyo nahitaji leseni ya Iowa. Je, gharama hiyo kwa kawaida hulipwa na wakala au inatoka mfukoni mwangu?