Tupeane uzoefu: bima na mashine ya oksijeni ya nyumbani

Fundi_Kibamba
Wakuu, leo kwenye dirisha la bima nimemkuta kijana anabembeleza kibali cha mashine ya oksijeni ya mama yake. Nimerudi kwenye gari nikalia. Mwaka jana nilisimama palepale. Mapafu ya baba yaliharibiwa na TB ya zamani. Wiki tatu wodini bima ililipa oksijeni bila neno. Siku ya kuruhusiwa daktari anaandika aendelee nayo nyumbani, bima wanajibu kifaa cha nyumbani hakimo kwenye kitita, yaani orodha ya wanavyolipia. Mliopitia hili mlifanyaje?

BintiTanga
"Hakimo kwenye kitita." Nalijua hilo neno.

Mzee_wa_Mbezi
Sisi walikubali kurudisha nusu. Tukanunua, tukapeleka risiti, wakaikataa: ya mkono, si ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Muuzaji keshahama. Dai EFD yenye jina la mgonjwa kabla hujatoa shilingi.

NesiMstaafu
Na barua ya daktari itaje oksijeni ya damu mgonjwa akiwa hana mashine, lita ngapi kwa dakika, saa ngapi kwa siku. "Anahitaji oksijeni" pekee hurudishwa.

Kaka_Minnesota
Huku Marekani mama analala na CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani. Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipa asilimia 80, inakodiwa miezi 13 ndipo inakuwa yake. Ila miezi 3 ya mwanzo lazima uonyeshe siku 30 mfululizo ambazo katika asilimia 70 ya siku hizo umeivaa usiku kwa muda wa saa 4 au zaidi, na mashine inatuma taarifa yenyewe. Mama akiamka kusali tahajudi anaivua, haivai tena. Tukaletewa barua ya kuichukua.

BintiTanga
Kaka, hiyo ni ya kukoroma. Hapa tunaongelea watu wasio na hewa.

Kaka_Minnesota
Pumzi yake inakata usingizini, dada. Usimpimie mama yangu ugonjwa.

BintiTanga
Nisamehe. Nimechoka tu.

MamaPili
Naombeni niseme langu. Umeme ulikatika saa nane usiku. Mashine ikalia kengele yake, kisha kimya. Mtungi wa akiba upo, spana ya kuufungulia haipo, watoto waliichukua kukazia baiskeli. Nikatoka pekupeku kwenye mvua kumgongea jirani fundi bomba. Tunaufungua, midomo ya mume wangu imeshageuka zambarau. Alipona. Asubuhi bima wakaniambia mtungi ungelipwa kama angekuwa amelazwa. Nikamwuliza yule dada, nimsubirishe mpaka afike wodini? Machozi yakamtoka na yeye. Sasa spana iko kwa kamba shingoni mwa mtungi.

Mzee_wa_Mbezi
Mungu wangu. Pole sana mama.

DullahTemeke
Nunueni inveta na betri, mitungi achaneni nayo.

NesiMstaafu
Dullah, betri ikiisha je? Mtungi ubaki, na jiko la mkaa likae mbali nao.

BintiTanga
Mbona umeme wa LUKU hamjautaja? Mashine ya lita 5 ikiwaka mchana na usiku inakula kama uniti 8 kwa siku. Zile uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi hazifiki siku ya kumi. Hiyo nayo hakuna bima inayoigusa.

DullahTemeke
Mpelekeni mgonjwa na mtungi wake akae mapokezi ya bima, watasaini siku hiyohiyo.

MamaPili
Usimshauri mtu hivyo. Foleni ile ni ndefu kuliko mtungi.

Fundi_Kibamba
Yule kijana nilimwachia namba. Kapiga sasa hivi, barua imerudishwa, haina lita wala saa. Nesi, tuwekee mfano hapa.

NesiMstaafu
Naandika. Nipe dakika kumi.