"Wodi iko shwari" — jamani huyu mtu atatuulia mgonjwa!

Koti_Jeupe_Tanga
Wakuu, nimetoka zamu sasa hivi, koti sijavua, mikono inatetemeka. Mnamjua yule daktari wa mchana anayenikabidhi wodi. Hata nyie mliowahi kuuguza pale mnamjua: saa mbili usiku haijagonga, begi begani, ufunguo wa pikipiki kidoleni.

Jana nakutana naye mlangoni. "Dokta, kuna nini ndani?" Hata hasimami: "Wodi iko shwari." Basi! Sijafunga mdomo, keshafika Chumbageni.

Shwari! Kitanda cha sita kuna mama alishikwa na kifafa cha mimba mchana, yuko kwenye sindano za magneziamu, dawa ya kuzuia kifafa kisirudi, gramu 5 kila baada ya saa nne. Ya saa mbili kachomwa au hajachomwa? Chati tupu. Muuguzi kaingia sasa hivi kama mimi. Mama kasinzia. Ukirudia dozi anaweza kuacha kupumua, ukiiruka kifafa kinarudi. Nimepiga simu mara kumi na moja, haipokelewi. Nikagonga goti kwa nyundo, mguu ukaruka: dawa haijamzidi. Nikahesabu pumzi dakika nzima, nikatazama mfuko wa mkojo, nikaweka pembeni kalisiamu ya kuzima magneziamu ikizidi, ndipo nikachoma. Saa tano usiku ujumbe unaingia: "Aa, ile sikuichoma, nilisahau kukwambia."

ALISAHAU! Bahari ya Raskazone ingekuwa shwari namna hiyo, asingerudi mvuvi hata mmoja.

Na utaratibu wa kukabidhiana tulikuwa nao! Baada ya semina tulikuwa tunapita kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia: huyu ana nini, kafanyiwa nini, kinachosubiri nini, cha kuogopa nini. Wiki tatu tu. Aliyesimamia kahamishwa, na daftari leo linawekewa chupa ya chai.

Dafu_la_Pangani
Simu kumi na moja? Hata mke wangu hanitafuti hivyo 😂

Sista_wa_Zamu
Madaktari mnatuchosha. Sisi tunakabidhiana hadi shuka kwa kuhesabu. Nyie mnapeana "shwari" kwenye ngazi, halafu lawama kwa sista.

Msomaji_Makorora
Kuna utafiti wa hospitali 9 za Marekani na Kanada, wodi za watoto, ulichapishwa 2014. Madaktari walifundishwa kukabidhiana kwa mpangilio, makosa yakapungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhiana haukuongezeka. Asije mtu hapa na "hatuna muda".

Koti_Jeupe_Tanga
Muda gani, mkuu? "Kitanda cha sita, magneziamu bado." Maneno matano! Angeyasema huku anavaa helmeti. Yeye kaona aseme shwari.

Mtoto_wa_Chuda
Na wewe dokta, mlango ulikuwa nao. Ungemzuia.

Boda_Mikanjuni
Afadhali wewe. Mwenzangu wa mchana ananikabidhi pikipiki anasema iko fiti. Nimepakia abiria wa Pongwe, imezima porini, tangi kavu!

Mlinzi_wa_Ghala
Mimi naachiwa funguo "chini ya tofali". Tofali zenyewe mia mbili.

Dafu_la_Pangani
😂😂 Mlinzi umeniua. Ukazipata?

Mlinzi_wa_Ghala
Alfajiri. Na nge juu yake.

Sista_wa_Zamu
Boda, hiyo pikipiki si mafuta tu, kaangalie na kabureta. Kuna fundi Ngamiani barabara ya 12, hana maneno mengi.

Boda_Mikanjuni
Asante dada. Jumapili anafungua?