Uchumi wa Ukraine unakua vitani: je, ufisadi kweli hauna madhara?

Wakuu, kuna hoja imeanza kuzoeleka: Ukraine inapigwa tangu Februari 2022, kashfa za ufisadi haziishi, lakini uchumi unakua, basi ufisadi si tatizo kubwa kihivyo. Naipinga.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2022 pato la taifa lilianguka kwa karibu asilimia 29. Mwaka 2023 likapanda kwa zaidi ya asilimia 5, na 2024 kwa karibu asilimia 3. Kama uchumi ulikuwa 100, ulishuka hadi 71, ukafika kama 75, kisha 77. Yaani karibu robo haijarudi hadi hapo.

Nani ameubeba? Kwanza fedha za nje. Kodi za ndani kwa sehemu kubwa zinaishia jeshini; pensheni na mishahara ya walimu inategemea misaada na mikopo. Umoja wa Ulaya peke yake ulitenga euro bilioni 50 kwa miaka ya 2024 hadi 2027. Pili ni bahari. Urusi ilipojitoa Julai 2023 kwenye makubaliano ya kuruhusu nafaka ya Ukraine ipite Bahari Nyeusi, Ukraine ilifungua njia yake yenyewe: meli zinaambaa na pwani ya Bulgaria na Romania mpaka bandari ya Odesa, manowari za Urusi zikiwa zimeshafukuzwa upande ule kwa droni na makombora. Mahindi na ngano vikatoka tena. Makuli na mabaharia wanaofanya kazi hiyo huku bandari ikishambuliwa, nawavulia kofia.

Sasa tazameni wizi ulipo. Novemba 2025 NABU, ofisi ya kupambana na rushwa, ilisema wazabuni wa Energoatom, shirika la umeme wa nyuklia, walikuwa wakidaiwa asilimia 10 hadi 15 ya mkataba ndipo walipwe. Jumla ni kama dola milioni 100. Mawaziri wawili waling'oka. Na ni kwenye umeme, ambao Urusi inaulenga kila majira ya baridi! Umeme ukikatika kiwanda kinawasha jenereta, gharama inapaa, zamu zinapunguzwa. Anayekula fedha za sekta hiyo anaula ukuaji wenyewe mnaousifu.

Wanaotaka misaada ikatwe nao siwaungi mkono. Wizi ule umeibuliwa na Waukraine wenyewe. Julai 2025 bunge lilipopitisha sheria ya kuiweka NABU chini ya mwendesha mashtaka mkuu, vijana walijaa mitaani Kyiv, vita vikiendelea, na mwezi uleule bunge likairudishia uhuru wake. Kwangu, fedha ziendelee kutoka, ila kwa sharti kwamba ofisi hiyo isiguswe.

Anayepinga aje na hesabu. Kharkiv kuna watoto wanaosomea ndani ya stesheni za treni za chini ya ardhi. Mkikata misaada leo, mwalimu wao atalipwa na nani?