Klachi ya Subaru Impreza GDA ya kazini na uwanja wa mbio: oganiki nzito, seramiki ya vipande sita, au sahani mbili?

Boksa_SouthB

Wakuu, salaam. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, injini EJ205, giaboksi ya gia tano. Kiwandani ilitoka na farasi 250 na torki 333 Nm. Leo ina ekzosi kubwa kuanzia kwa turbo hadi nyuma na kompyuta imetuniwa. Aliyeituni aliniambia niihesabu 420 Nm kwenye injini.

Klachi imeanza kuniaga. Nikiwa gia ya nne, mizunguko elfu tatu, nikanyage mafuta hadi chini, mshale unaruka hadi 4,500 na gari bado iko pale pale. Halafu inakuja harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Matumizi yangu ni haya: siku tano kwa wiki ni Mombasa Road ya Nairobi, South B hadi Mlolongo, na napita chini, si Expressway, kwa sababu pesa ya juu huko naiweka kwa petroli. Mara moja kwa mwezi naipeleka uwanja wa mbio, mizunguko mitano au sita kwa mkupuo, inapoa, narudia.

Nina njia tatu:

1. Sahani ya oganiki (lainingi ya kawaida kama ya kiwandani) na presha pleti nzito (ile ya springi inayobana sahani), mfano Exedy ya steji 1 au ACT na presha pleti yao ya HD, yaani ya kazi nzito.
2. Seramiki ya vipande sita, yaani vibandiko sita vikali badala ya lainingi ya mzunguko mzima. Kuna jamaa anauza mpya, tayari nimempa amana.
3. Klachi ya sahani mbili badala ya moja, iliyotumika, kutoka Japani.

Moyo wangu uko kwa namba mbili. Nishaurini kabla sijamaliza kulipa.

---

Fundi_Likoni

Ndugu yangu, hiyo amana uliharakia. Kabla ya kununua chochote, nyanyua gari uangalie chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Kukiwa na mafuta, oili sili ya nyuma ya kranki imekufa na inamwagia klachi yako. Lainingi, ile sehemu ya sahani inayosugua, ikilowa oili hata uifunge mpya itateleza tu. Halafu pima pedali: lazima iwe na mchezo kidogo juu kabla haijaanza kusukuma. Ikiwa haina, presha pleti haibani yote.

Ukimaliza hayo, tuje kwa vipande sita. Mimi niko huku Mombasa, na klachi nyingi nilizofungua zimeungua sehemu moja: mteremko wa gati la feri. Feri imejaa magari, yanatoka moja moja, unapanda nusu mita, unasimama, nusu mita tena, nyuma yako kuna lori la saruji. Mwenye oganiki ataichezea klachi kidogo na atapanda. Mwenye seramiki ana mawili, injini izime au gari iruke kama mbuzi. Mombasa Road yako ni tambarare, lakini foleni ni foleni.

---

Torki_na_Chai

Nawaletea hesabu, maana maneno "steji 1" na "steji 2" hayana maana nje ya katalogi ya anayeuza. Kila kampuni ina ngazi zake. Kwa Exedy steji 1 ni oganiki na steji 2 ni seramiki. Kwingine steji 2 bado ni oganiki. Usilinganishe namba za steji za kampuni mbili.

Klachi inabeba torki kwa vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa lainingi, nguvu ya presha pleti kubana, na umbali wa lainingi kutoka katikati. Unazidisha vyote.

Sahani yako ni ya milimita 230. Tuseme tundu la ndani la lainingi ni 150, basi umbali wa wastani ni sentimita 9.5. Nyuso ni mbili. Ukali wa oganiki tuuweke 0.3, na presha pleti ibane kwa nyutoni 6,000, namba niliyoichagua kurahisisha hesabu. 2 × 0.3 × 6,000 × 0.095 = 342 Nm. Unaona? Inatosha injini ya kiwandani na inabaki kijiko tu. Kwa 420 Nm haiwezi, na ndiyo maana unasikia pasi.

Weka seramiki, ukali 0.4, presha pleti ile ile: 456 Nm. Imepona.

Weka oganiki na presha pleti inayobana robo zaidi, kama nyutoni 7,400: 422 Nm. Imepona pia, kwenye karatasi. Sasa ingia uwanjani, mzunguko wa tano, lainingi imechemka na ukali umeshuka hadi 0.25. Inabaki 351 Nm. Imeanza kuteleza, na ikiteleza inazidi kuchemka, ikichemka inazidi kuteleza. Hapo ndipo watu husema "oganiki haifai uwanjani", kumbe walinunua presha pleti ndogo.

Ukitaka oganiki, chukua inayobana nusu zaidi ya hiyo ya kiwandani. Nyutoni 9,000: ikiwa baridi 513, ikichemka 427. Inapita kwenye tundu la sindano lakini inapita.

---

DadaTurbo

Torki_na_Chai, asante kwa somo, ila umesahau mguu. Nyutoni 9,000 mtu anazikanyaga mara mia mbili kabla ya kufika kazini.

Mimi natumia seramiki ya vipande sita mwaka wa nne sasa, kwenye STI, ile Impreza kali zaidi, ya gia sita. Presha pleti ni ya kawaida na pedali ni laini, kwa sababu ukali unatoka kwenye lainingi, si kwenye springi. Naenda nayo kazini na sokoni. Ndiyo, inatetema ukiibembeleza, kwa hiyo huibembelezi. Unaachia haraka na kwa uhakika, unapita. Wiki mbili mguu unazoea. Uwanjani sijawahi kusikia harufu hata siku moja.

Kitu kimoja tu: iwe na springi za katikati. Zile ngumu zisizo na springi kabisa waachie wenye magari ya mbio yanayobebwa kwa trela.

---

Torki_na_Chai

Dada, nimekubali la mguu. Lakini wewe una gia sita ya STI. Boksa ana gia tano, na wote tunajua ile gia ya tatu yake ilivyo dhaifu. Kwenye gari inayovuta magurudumu yote manne matairi hayakubali kuteleza kirahisi, kwa hiyo ukiachia klachi kwa kishindo lazima kitu kingine kikubali. Klachi ikiteleza kidogo imeokoa meno ya gia. Ukiweka klachi inayoshika kama taya la mamba, atakayekubali ni giaboksi.

---

DadaTurbo

Hapo umenishika. Gia tano sikuifikiria.

---

BinSuri_DXB

Wapendwa, salaam kutoka Dubai. Nimeona sahani mbili hakuna aliyeigusa.

Nilikuwa nayo kwenye gari langu la Dubai Autodrome. Hesabu ya ndugu hapo juu inaeleza vizuri: nyuso zinakuwa nne badala ya mbili, kwa hiyo hata sahani zikiwa ndogo na springi isiwe kali, torki inapanda sana. Na kwa kuwa ni ndogo na nyepesi, gia zinaingia kama kisu kwenye tende. Uwanjani sijapata raha kama ile.

Mjini ni habari nyingine. Gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, sahani zinacheza na kulia kengele. Mlinzi wa jengo letu aliwahi kunigongea kioo akidhani injini imevunjika. Na pa kushikia ni padogo mno, kama unene wa sarafu. Foleni ya barabara ya Sheikh Zayed kiangazi, joto 45 nje, nilikuwa naomba Mungu magari yasisimame.

Zaidi ya yote usinunue iliyotumika. Sahani za ndani zikiwa zimepinda kwa joto hutaziona kwa jicho, na vipuri vyake lazima uagize. Nilikaa wiki tano bila gari nikisubiri sahani moja.

---

Altezza_Mbezi

Wakuu, mimi niko Dar na Altezza yangu haina turbo, 216 Nm tu, kwa hiyo klachi ya kiwandani inanitosha kabisa. Nachangia la flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hushikia, maana mtashawishiwa tu, muuzaji wa klachi hakosi kukuuliza "na flaiwili nyepesi je?"

Niliweka nyepesi. Mizunguko inapanda upesi, kushuka gia ukiwa na kisigino kwenye mafuta ni raha tupu. Lakini ukiondoka taratibu gari linazima, silensa (mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta) inashuka kupita kiasi, na giaboksi inakoroma ukiwa huru. Asubuhi foleni ya Mwenge nilizima mara tatu, konda wa daladala ananiambia "mwanafunzi, toa ile L uliyoficha". Aisee, nilirudisha ya zamani mwezi huohuo.

Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne ndiyo zaidi, kuondoka kunahitaji uzito.

---

Boksa_SouthB

Nimecheka hiyo ya konda.

Nimekagua chini, ni kavu. Mchezo wa pedali upo. Kwa hiyo ni klachi yenyewe. Na lainingi ya Kevlar je? Kuna mtu kaniambia inadumu kuliko zote.

---

Fundi_Likoni

Inadumu, ukiwa mpole. Inataka kufugwa kilomita nyingi za mjini kabla hujaikanyagia, na ikishaungua mara moja inakuwa kioo, hairudi tena. Oganiki ikichemka kiasi, ukiiacha ipoe inarudi. Kwa mtu wa uwanjani sikushauri.

Kama umeamua oganiki nzito, nisikilize kwenye kufunga, maana hapo ndipo pesa inapopotea.

GDA yako klachi yake ni ya kuvuta, si ya kusukuma. Beringi ya klachi imejishika kwenye presha pleti. Mtu akilegeza boliti zote za giaboksi na kuanza kuivuta kwa mtaimbo, anang'oa beringi na anaweza kupasua uma, ule mkono unaosogeza beringi. Ubavuni mwa giaboksi kuna kizibo cha alenki namba 10. Kitoe. Ndani utaona kichwa cha pini ya uma, kina uzi. Ingiza boliti ya milimita 6, zungusha mpaka ishike, vuta: pini inatoka, uma unalegea, beringi inaachia. Ndipo utenganishe. Niliwahi kuletewa gari kutoka gereji moja hapa, kizibo kina kutu, hakijaguswa tangu kiwandani, na uma vipande viwili. Fundi wako muulize swali moja tu, "pini utaitoa wapi?" Akikosa jibu, ondoa gari.

Vingine: flaiwili yako ya zamani ipelekwe ikakatwe uso, usiweke sahani mpya juu ya madoa ya bluu. Badilisha beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, na oili sili ya nyuma hata kama ni kavu. Giaboksi iko chini tayari. Na presha pleti nzito, kila unapokanyaga, inaelemea beringi ya kranki inayozuia kranki kwenda mbele na nyuma. Taa nyekundu weka huru uachie mguu. Usikae umekanyaga.

---

DadaTurbo

Na paipu ya mpira ya klachi, weka iliyosukwa kwa waya. Ya zamani inavimba, unakanyaga mpira badala ya klachi.

---

Boksa_SouthB

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba.

Nimefunga oganiki, presha pleti ya HD, flaiwili ya zamani imekatwa uso. Fundi wa kwanza nilimuuliza swali la pini, akasema "tutaona tukifika". Niliondoa gari. Wa pili alinionyesha boliti ya milimita 6 kutoka mfukoni.

Kilomita 800 za kwanza nilienda kama napeleka mayai. Sasa gia ya nne, elfu tatu, mafuta chini: mshale na gari vinapanda pamoja. Uwanjani nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza mizunguko sita, hakuna kitu. Mara ya pili nilijisahau nikafika tisa, harufu ikaja kwenye wa nane. Sikubishana, nikaingia kupoa, na jioni ilinirudisha nyumbani bila kinyongo.

Pedali ni nzito. Kuanzia Bellevue foleni ikikaza, paja la kushoto linajua. Mama watoto ameiendesha mara moja, akashuka, akaweka funguo mezani na hajaziomba tena. Gia ya tatu bado iko na meno yote.

---

Torki_na_Chai

Mzunguko wa nane? Karatasi ilisema wa tano. Nitakunywa chai nifikirie upya hiyo 0.25.

---

Altezza_Mbezi

Hongera mkuu. Na ile amana?

---

Boksa_SouthB

Amerudisha nusu. Nusu nyingine anasema ni ya kuhifadhi. Vipande sita bado viko kwake, havijafunguliwa karatasi. Mwenye GDA ya gia tano asiyeogopa foleni aniandikie nimwunganishe naye.