Tupeane uzoefu: maji ya mafuriko uliyazuiaje yasiharibu nyumba?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Mvua kubwa ikinukia tu, kila mtu anakimbilia kuziba mlango. Kwangu yalianzia chooni. Bakuli liligugumia, likatapika, na mlango mkavu kabisa! Bomba kuu la maji taka likielemewa, maji hurudi nyuma na kutokea tundu lililo chini kuliko yote. Fundi akanifungia valvu ya kuzuia maji kurudi, pale bomba linapotoka nyumbani. Ina kifuniko kinachofunguka upande mmoja tu. Imesaidia, ila isafishwe mara kwa mara, maana tambara likinasa pale haifungi. Nanyi leteni yenu.

Mchangiaji 1: Viroba vya mchanga vina ufundi wake. Usijaze mpaka shingoni. Ishia nusu au zaidi kidogo, kilale na kushikana na mwenzake. Vipange kama tofali, kila kimoja kikalie maungio ya viwili vya chini, kisha vikanyage. Upande wa maji tandaza nailoni nene. Bado yatapenya kidogo, hilo lisikushtue. Yakishapungua, mchanga ule watoto wasiuchezee, umeshalowa maji taka.

Mchangiaji 2: Naongeza kama fundi ujenzi. Kuziba kila tundu si ushujaa. Maji ya nje yakipita magoti na ndani kukiwa kukavu, yote yanausukuma ukuta. Bora yaingie, ukaoshe sakafu, kuliko ukuta kulala. Dawa ya kudumu ni udongo: ushuke kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Watu wanamwaga kifusi uani mpaka ua unakuwa juu ya sakafu, halafu wanalaumu mvua.

Mchangiaji 3: Umeme jamani. Zima swichi kuu maji hayajafika. Ukishasimama kwenye maji usiiguse, toka nje. Sisi tulipokarabati tulipandisha soketi zote usawa wa kifua. Wageni wanacheka, wacheke.

Mchangiaji 4: Piga picha kabla hujagusa kitu, hasa mwenye bima. Halafu tope litoke likiwa bichi, likikauka utalia. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo madirisha wazi, na magodoro yaliyolowa yasikupe huruma.

Mleta mada: Fundi, ukuta uliolowa nitajuaje umekauka nipake rangi?

Mchangiaji 2: Mkono unadanganya, mkuu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, gundi pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, rangi isubiri. Na ukuta ukaguliwe chini karibu na sakafu, huko ndiko unakochelewa.