Mwalimu wa chekechea akiagizwa kuwarekodi watoto kwa ajili ya TikTok, akatae?

Kibao Cheusi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limeenea sana kwenye shule za awali na vituo vya kulelea watoto mchana, nataka tulijadili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Fungua TikTok sasa hivi. Hutakaa sana kabla hujakutana na mtoto wa miaka minne, sweta lina jina la shule kifuani kwa uzi wa njano, kamasi hazijafutwa, na sauti ya mwalimu nyuma ya simu: "Jana usiku mlikula nini?" Mtoto anajibu kama watoto wanavyojibu: "Hatujala. Mama alilala." Mwalimu anacheka, darasa linacheka kwa sababu mwalimu kacheka, na huko chini watu wanamimina vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Mtoto huyo amemwambia mwalimu wake kwamba kalala njaa. Mwalimu aliyesomea elimu ya awali anajua la kufanya hapo. Kwanza uji. Halafu mama anaitwa pembeni jioni akija kumchukua, na hali ikionekana mbaya anatafutwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, au inapigwa 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa akiona haki ya mtoto inavunjwa, sembuse mwalimu. Badala yake njaa ya mtoto imekuwa tangazo la shule.

Msimamo wangu: mwalimu ana haki ya kukataa kurekodi sura ya mtoto kwa ajili ya mitandao, hata kama mzazi katia saini. Ila likiharibika, mzigo usimwangukie mwalimu, abebe mwenye shule. Walimu wengi wa awali kwenye shule binafsi wanafanya kazi kwa mkataba wa mdomo. Mshahara wao unatoka kwenye ada, na ada inaletwa na hizo hizo video. Huwezi kumdai maadili ya taaluma mtu ambaye hujampa hata karatasi ya ajira.

Karibuni.

Mama Pacha

Naanza na hiyo saini. Fomu ya kujiunga ya shule ya wanangu ina mstari mmoja katikati ya mzio wa chakula na namba ya mtu wa dharura: "Naruhusu shule kutumia picha za mwanangu." Hakuna kisanduku cha HAPANA. Nikamuuliza mhasibu, akanijibu "mama, wote wanasaini," huku anaivuta fomu. Nikasaini maana nafasi zilikuwa zinaisha. Hiyo ndiyo ridhaa tunayoizungumzia hapa?

Mkurugenzi wa Mtaa

Mimi ndiye huyo mwenye shule mnayetaka abebe, kwa hiyo nisikilizeni na mimi.

Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, kuanzia darasa la awali. Mzazi anayekuja kwangu anakuja kwa kupenda, na siku hizi anachagua shule akiwa ndani ya daladala, simu mkononi. Asipokuona humo, haupo. Nina pango, nina mishahara, nina wa Zimamoto na wa Afya wanaokuja kukagua. Bango la barabarani bei yake mnaijua? Video ya watoto wanaoimba ni bure, tena wazazi wenyewe wanaisambaza kwenye magrupu ya ukoo. Hiyo ya mtoto kusema hajala ni ujinga, nakubali. Lakini msichome nyumba kwa sababu ya panya.

Babu wa Pangani

Enzi zetu mpiga picha alikuja mara moja kwa mwaka, mnapangwa kwenye benchi, warefu nyuma, basi. Na bado tulisoma.

Bwana Sheria

Niweke yaliyoandikwa, msije mkabishana hewani.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtoto zimewekwa kundi moja na taarifa nyeti, na taarifa nyeti huzichakati bila ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo "wazazi wenyewe wanasambaza" si hoja, Mkurugenzi.

Kenya wametangulia. Sheria yao ya 2019, kifungu cha 33, haikuishia kwenye ridhaa ya mzazi. Inadai pia kwamba matumizi yenyewe yalinde na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Yaani mzazi anaweza kusaini na bado ukawa umekosea. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa huko aliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Aliyetozwa ni shule.

Ila Kibao Cheusi hoja yako ina tundu. Akaunti ikiwa ya shule, sawa, shule ndiyo mkusanyaji wa hizo taarifa. Nyingi ninazoziona mimi ziko kwenye akaunti za walimu wenyewe, kwa majina yao, na wakienda mubashara wanapokea zawadi zinazogeuka hela. Hapo mwenye shule anabebaje?

Madam wa Awali

Naomba niseme kama mwalimu, kwa sababu tunasemwa tu.

Kwetu Ijumaa ni siku ya "kontenti". Asubuhi mkurugenzi anatuma ujumbe: leo nataka ya Kiingereza. Basi somo la kuhesabu limekufa, tunafanya mazoezi ya "My name is" mpaka saa nne. Na kamera haichukui kila mtoto, hilo watu hawalijui. Mwenye sweta lililochanika unamsogeza nyuma. Mwenye kigugumizi unamruka. Yule mweupe, mchangamfu, mama yake ana gari, anakaa mbele kila wiki. Watoto wanaona. Kuna mmoja aliniuliza, "Madam, mimi lini?" Sikuwa na jibu.

Kukataa? Ukikataa unaambiwa wapo wengi wanaoitafuta hiyo nafasi, na ni kweli wapo. Mtu ana astashahada ya elimu ya awali na anauza vocha. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Njoo darasani kwangu uhesabu mwenyewe.

Lakini na nyie mnaosema simu zifungwe kabisa, mniache kidogo. Vitabu vya kiada navipata, sawa, ila zana za kufundishia hakuna anayenipa. Kona zote za darasa langu, ya kuhesabu, ya kusoma, ya mapishi, nimezijaza kwa kuiga wenzangu kwenye video. Kuna mwalimu alionyesha jinsi ya kukata chupa ya maji, kuandika namba kwa nje, mtoto anaingiza visoda kulingana na namba. Nilifanya kesho yake, na mtoto aliyekuwa haelewi tano ni nini akaielewa kwa mkono. Video ile haikuwa na sura ya mtoto hata mmoja, mikono tu na visoda. Hiyo ndiyo semina yangu, maana semina zenyewe sisi wa binafsi hatuitwi.

Mkurugenzi wa Mtaa

Madam, ningekuwa na mwalimu mwenye mawazo hayo ya visoda ningemrekodi yeye.

Mama Pacha

Si umrekodi sasa! Mzazi gani hatapenda kuona mwalimu anajua kazi?

Mwalimu wa Kilifi

Jamani, huku kwetu shule za chekechea ziko chini ya kaunti, Katiba ya 2010 ndiyo iliyozipeleka huko. Mimi mwajiri wangu si tajiri wa shule, ni serikali ya kaunti. Na picha zatakikana vilevile. Mkubwa ataka aone watoto wameshika vikombe ndipo aamini uji umenyweka. Picha zaenda kwenye grupu la WhatsApp, kutoka hapo wajua mwenyewe zaishia wapi: kesho ziko kwenye ukurasa wa mwanasiasa, na sura za watoto wangu chini ya shati lake la kampeni. Sasa ndugu Kibao Cheusi, wasema abebe mwenye shule. Kwangu mwenye shule ni nani?

Mlezi Minnesota

Nalea watoto huku Marekani, kwenye kituo. Chama cha walimu wa watoto wadogo, NAEYC, kina kanuni za maadili tangu 1989, zimerekebishwa mara kadhaa. Ya kwanza inasema kabla ya yote tusimdhuru mtoto, na humo wametaja kumdhalilisha na kumtumia kwa manufaa ya wengine. Wakaongeza kwamba kanuni hiyo iko juu ya nyingine zote, hata ukiwa na wajibu kwa mwajiri. Kwa hiyo "niliagizwa" haimalizi mjadala. Kwenye fomu ya kituo chetu picha ya ukutani darasani ina kisanduku chake, tovuti chake, mitandao ya kijamii chake. Ukikataa vyote mtoto anapokelewa tu.

Kibao Cheusi

Nimewasoma wote. Bwana Sheria, mwalimu anayerusha mubashara watoto wa darasani kwa akaunti yake na kupokea zawadi, huyo simtetei. Hiyo ni biashara yake, abebe mwenyewe. Mimi namtetea Madam wa Ijumaa.

Mwalimu wa Kilifi umenibana vizuri. Nafikiri niseme hivi: anayebeba ni yule aliyeidai picha. Ofisa anayetaka ushahidi wa uji ahesabu vikombe, apime unga stoo, aje siku asiyotarajiwa. Picha ni ukaguzi wa mvivu.

Mlezi, kanuni kama hizo hata sisi tunazo kwa namna yetu. Tuna sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu tangu 2018. Lakini angalia lilivyogawanyika: darasa la awali liko chini ya elimu, kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya ustawi wa jamii. Mtoto ana miaka minne huku na miaka minne kule. Wa huku ana mwalimu mwenye taaluma na kanuni zake, wa kule ana dada ambaye pengine kapewa aproni na simu siku hiyo hiyo. Na video nyingi zinazonikera zinatoka kule. Huko ukisema "maadili ya taaluma" dada atakuuliza taaluma gani, mshahara wenyewe unalipwa kwa wiki. Ndiyo maana nang'ang'ana na mwenye kituo: leseni ni yake, jina la kwenye sweta ni lake. Ustawi wakija kukagua vyoo na uzio, wakague na simu.

Babu wa Pangani

Mnakuza mambo. Mtoto kuimba kuna ubaya gani?

Madam wa Awali

Babu, kuimba hakuna ubaya. Shikamoo. Mwanao akifika darasa la sita wenzake wakamchezea video aliyojikojolea siku ya mahafali ya chekechea, utakuja shuleni kutuuliza.

Mkurugenzi wa Mtaa

Haya, tuseme nimekubali. Fomu mpya, visanduku viwili, ndiyo na hapana, na asiyetaka hapunguziwi kitu. Video zinazokuja ni za mikono na zana. Za zamani je? Zipo za watoto ambao sasa wako darasa la pili, shule nyingine. Iliyotazamwa kuliko zote ndiyo inayoniletea wazazi mpaka leo.

Bwana Sheria

Mzazi ana haki ya kuomba zifutwe, na huna hoja ya kubaki nazo. Anza kufuta kabla hujaombwa.

Mkurugenzi wa Mtaa

Hata hiyo moja?

Mama Pacha

Hasa hiyo. Na nitumie jina la shule faragha, mkuu, niangalie kama wangu hawamo.